Ubalozi, wakfu, chama cha urafiki au michango yenu: asasi ndogo ipokee fedha za nani?

Mimi ni katibu wa asasi ya kutunza mikoko katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, huu ni mwaka wa 11. Kila kamati inapofika kwenye ajenda ya fedha, swali ni lile lile: tupeleke andiko ubalozini, tuwafuate watu wa wakfu, yaani mifuko ya ufadhili ya nje, tuitikie mwaliko wa chama cha urafiki na nchi nyingine, au tubaki na shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo nusu ya wanachama hawalipi? Nawaandikia makatibu wenzangu na waweka hazina, maana ushauri tunaopewa huwa wa aina mbili tu. Kuna wanaosema fedha yoyote ya nje ni ya mabeberu, na kuna wanaosema hela ni hela. Wote hao hawamsaidii mtu anayetakiwa kusaini mkataba Ijumaa.

Kipimo changu ni hiki. Nyuma ya fedha nyingi za nje kuna serikali. Je, serikali hiyo imekaa umbali gani na meza mnayoamulia mambo yenu? Na je, mnaweza kuitaja jina lake na kiasi ilichotoa mbele ya mkutano mkuu, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, bila mtu kuinamisha macho? Fedha inayoshindwa swali hili la pili siilinganishi na nyingine yoyote. Naitoa mezani kwanza.

Fedha isiyo na mwenyewe

Mwaka 1967 jarida la Ramparts la Marekani lilifichua kwamba chama cha kitaifa cha wanafunzi wa nchi hiyo, National Student Association, kilikuwa kikipokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Fedha zilipitishwa kwenye wakfu zilizoonekana kuwa za watu binafsi. Viongozi wachache waliambiwa na kufungwa kwa kiapo cha siri. Wanafunzi wa kawaida waliohudhuria mikutano, wakabishana juu ya ubaguzi wa rangi na ukoloni kwa moyo safi, hawakujua lolote. Hapo ndipo uchungu wake ulipo: vijana wale waliamini walichokisema, na siri ilipotoka hata maneno yao ya kweli yalinuka.

Sisi hatukuwa mbali na mambo hayo. Miongoni mwa jumuiya zilizotajwa mwaka huo ilikuwemo World Assembly of Youth, jumuiya ya vijana ya kimataifa iliyofanya semina yake Dar es Salaam mwaka 1961. Kwenye semina hiyo Mwalimu Nyerere alionya juu ya kinyang'anyiro cha pili cha Afrika, kwamba safari hii wakubwa wa nje wangetugombanisha sisi kwa sisi. Alionya hivyo mbele ya jumuiya ambayo mmoja wa wakubwa hao alikuwa akiilipia kwa siri. Upande wa pili nao ulikuwa na zake. World Federation of Democratic Youth iliegemea Moscow, na muungano wa kimataifa wa wanafunzi ulikuwa na makao yake Prague.

Wala hayakuishia zamani. Mwaka 2018 iliibuka AFRIC, jumuiya iliyojiita ya utafiti huru na ushirikiano wa kimataifa, ikawa inapeleka watazamaji wa uchaguzi katika nchi za Afrika, Zimbabwe ikiwa mojawapo. Aprili 2021 Marekani iliiwekea vikwazo, ikisema ni sehemu ya mtandao wa Yevgeny Prigozhin, yule Mrusi wa kundi la mamluki la Wagner.

Dalili za fedha ya namna hii mnazijua mkizitazama. Mtu analeta taslimu na hataki risiti yenye jina lake. Wakfu anaoutaja hauna taarifa ya mwaka wala ofisi mnayoweza kuitembelea. Tamko limeshaandikwa, nyinyi mnatakiwa kuweka muhuri tu, na litoke kabla ya Jumatatu. Kataeni, hata kama pango la ofisi lina deni la miezi mitatu.

Ubalozi na wakfu, bega kwa bega

Hapa ndipo asasi nyingi zinapochagua, kwa hiyo nitakaa.

Ruzuku ndogo ya ubalozi ni fedha ya serikali waziwazi. Balozi anamwakilisha mkuu wa nchi yake, na waziri wake wa mambo ya nje akibadilika, vipaumbele hubadilika. Faida yake ni wepesi. Fomu ni fupi, na fedha hulenga kitu kinachoonekana: kisima, madawati, boti ya doria, kitalu cha miche. Siku ya uzinduzi bendera itapepea na kibao kitawekwa ukutani, kwa hiyo hakuna wa kusema mlificha. Kwa kitu cha namna hiyo sioni tatizo. Miche ya mkandaa haiulizi nani aliinunua.

Tatizo huanza fedha ya ubalozi inapolipia maneno badala ya vitu. Miaka ya nyuma tulipata ruzuku ya ubalozi mmoja kwa mafunzo ya haki za wavuvi kwenye ardhi ya ufukweni. Sharti mojawapo lilikuwa karatasi ya mahudhurio: jina, kijiji, namba ya simu, sahihi. Tulijaza kurasa 9, tukazituma pamoja na risiti za chai na nauli. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipotulia nikaona tulichofanya. Tulikuwa tumeikabidhi serikali ya nchi nyingine orodha ya watu wa vijiji vinne ambao wanaweza kusimama mkutanoni na kuuliza habari za ardhi yao. Sina sababu ya kusema orodha ile ilitumiwa vibaya. Lakini hatukuwaambia waliosaini inakwenda wapi, na kosa hilo lilikuwa letu.

Sasa uweke wakfu wa kisiasa pembeni yake. Wajerumani ndio wenye mfano unaofahamika zaidi kwetu. Friedrich-Ebert-Stiftung, iliyoanzishwa mwaka 1925, iko karibu na chama cha SPD. Konrad-Adenauer-Stiftung iko karibu na chama shindani, CDU. Sehemu kubwa ya fedha zao za kazi za nje hutoka kwenye bajeti ya serikali ya Ujerumani. Serikali ipo, ila katikati kuna chama cha siasa ambacho leo kiko madarakani na kesho kiko upinzani, na wakfu mmoja hauimbi wimbo wa mwingine. Umbali huo una maana. Marekani ina NED, mfuko wa kukuza demokrasia nchi za nje, iliyoundwa mwaka 1983 na kulipwa na bunge la nchi hiyo. Mmoja wa waliochora mpango wake, Allen Weinstein, alikiri mwaka 1991 kwamba mengi yaliyofanywa nayo hadharani ndiyo CIA ilikuwa ikiyafanya kwa siri miaka 25 kabla. Wanaoichukia NED hulinukuu neno hilo kama ushahidi wa hatia. Mimi nalisoma tofauti: kutoka sirini kuja hadharani ni hatua kubwa, kwa sababu sasa naweza kumwonyesha mwanachama wangu jina na kiasi. Haimaanishi lengo la Marekani limeondoka. Lengo lipo, na mnapaswa kulijua mnapokaa nao.

Wakfu hauombi kibao ukutani. Unaleta mada. Mwaka huu ni ushiriki wa vijana, mwaka ujao utawala bora, mwaka unaofuata tabianchi. Hakuna anayewaamuru, andiko lenye mada ya mwaka ndilo linalopita, basi. Nimeona asasi iliyoanza kwa kina mama wanaokausha dagaa ikageuka, ndani ya miaka mitano, kuwa asasi ya elimu ya uraia yenye mratibu, gari na hakuna hata mwanamke mmoja wa dagaa kwenye bodi. Walifanya kazi nzuri ya elimu ya uraia. Lakini bei ya chumvi na ushuru wa sokoni, vitu vilivyowakusanya, havikuwa na mwenye kuvisemea tena. Kwangu mimi huu ndio ushawishi wa kuogopa kuliko ule wa majasusi, kwa sababu unaingia kupitia mlango tuliofungua wenyewe na kila hatua yake ina muhtasari wa kikao.

Kuhusu fedha kukatika, ubalozi na wakfu hawapishani sana. Januari 20, 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa amri moja, na kufikia Julai 1 USAID, shirika lake la misaada, haikuwepo tena kama shirika la kujitegemea. NED yenyewe, pamoja na sheria yake ya bunge, ililazimika kwenda mahakamani Machi mwaka huo kudai fedha zake. Bomba linaweza kufungwa pia kutoka upande wetu. Uganda ilikuwa na mfuko wa DGF, wa kufadhili kazi za demokrasia na utawala bora, ulioanza mwaka 2011, ukichangiwa na nchi kadhaa za Ulaya ili fedha isiwe na bendera ya nchi moja. Mwanzoni mwa 2021 Rais Museveni aliusimamisha akilalamika kwamba serikali yake haikuwa na sauti ndani yake. Ulifunguliwa katikati ya 2022, na mwisho wa mwaka huo ukafungwa kabisa. Mfuko wa nchi nyingi ni kinga nzuri dhidi ya kutumwa na nchi moja. Hauwi kinga dhidi ya rais aliyekasirika.

Kuna pia wakfu wa watu binafsi, usio na serikali nyuma yake, na wengi hudhani hapo wamesalimika. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana Kenya, wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo iliiandikia Ford Foundation, wakfu binafsi wa Marekani, ikitaka maelezo ya ruzuku ilizotoa kwa asasi za Kenya. Ford ilijibu kwamba haikufadhili maandamano yale. Asasi zilizotajwa ndizo zilizojikuta zikijieleza mbele ya nchi nzima, na aliyekuwa na hesabu zake tayari hadharani alikuwa na jibu siku hiyo hiyo.

Chama cha urafiki

Njia hii haina andiko, haina taarifa ya robo mwaka, wala karatasi ya mahudhurio. Ina mialiko. China ndiyo iliyoijenga kwa utaratibu mrefu kuliko wote: jumuiya yao ya urafiki wa watu na nchi za nje ilianzishwa mwaka 1954, na taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Kwetu Kibaha, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Februari 2022 kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, kwa ajili ya vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo. Shule hiyo ni ya vyama vya siasa, lakini inaonyesha mkondo ulivyo: makubaliano yanafanyika juu, kati ya chama na chama au serikali na serikali, na asasi za chini hualikwa kwenye sherehe, ziara na ufadhili wa masomo.

Uzuri wake ni kwamba hawataki muwe kitu kingine. Hakuna mada ya mwaka. Serikali yenu nayo haitawaita vibaraka, maana ni rafiki yake yule yule. Ugumu utauona siku mna mgogoro na kampuni ya nchi rafiki. Chukua mfano wa machimbo ya mchanga yanayokula mikoko. Katibu aliyerudi wiki iliyopita kutoka ziara ya siku 14 atauandika vipi waraka wa malalamiko? Hakuna sharti lililoandikwa mahali popote. Mkono uliokupokea uwanja wa ndege unatosha.

Lakini sitaki kuwa mkali kupita haki, kwa sababu njia hii imetuzalia watu. Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alianza kuwasafirisha vijana wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari hizo. Kwenye kundi la mwaka huo alikuwemo Wangari Maathai, akaenda kusoma Kansas. Kambi ya Mashariki haikulala: Desemba 1964 ilifunguliwa Nairobi Lumumba Institute, kwa msaada wa Wasovieti na juhudi za mwanasiasa Oginga Odinga, na kufikia mwaka uliofuata ilikuwa imefungwa. Pande zote mbili zilitaka kupata viongozi wa kesho. Tofauti ninayoiona ni kwamba aliyepewa shahada aliondoka nayo, akawa mtu wa kujitegemea. Waliopewa taasisi walibaki nayo mikononi mwa wenye ugomvi, na ugomvi ulipokua taasisi ikafa. Mkialikwa kwenye urafiki, ombeni masomo ya vijana wenu kabla ya kuomba jengo.

Na Wangari ana somo jingine kwa kila katibu. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimshambulia, na moja ya makosa yake likawa kwamba anaandikia watu wa nje. Green Belt Movement, asasi yake ya kupanda miti, kweli ilikuwa ikipokea misaada ya nje, ya Norway ikiwemo, na haikuficha. Jengo lenyewe lilikuwa lijengwe kwa mikopo ya nje, na mshirika wake alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Asasi yake ilitolewa kwenye ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia. Wafadhili wa jengo walijitoa, na bustani iko pale hadi leo. Neno "kibaraka" hutupwa na watu ambao nao wana wa kwao wa nje. Msilipe uzito kuliko linavyostahili, ila msije mkakosa la kujibu.

Misaada ya Ghuba naigusa kwa ufupi. Visima na madarasa mengi ya pwani yamejengwa kwa sadaka za watu wa Kuwait, Saudia na Falme za Kiarabu, na sadaka ya mtu binafsi si mkono wa serikali. Cha kuangalia ni mpitishaji. Mwaka 2004 matawi ya Al-Haramain, shirika la misaada la Saudia, ya Kenya na Tanzania yaliingizwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Ulizeni jina kamili la shirika na usajili wake kabla ya kuchimba kisima.

Michango yenu

Mkono mtupu haurambwi, na shilingi 2,000 kwa wanachama 64 ni mkono karibu mtupu. Tukizipata zote ni shilingi 128,000 kwa mwezi. Zinalipa pango la chumba kimoja, vocha, na nauli ya katibu kwenda wilayani. Hazilipi boti wala mwanasheria. Anayesema asasi ziishi kwa michango tu hajawahi kuwa mweka hazina.

Hata hivyo nimeona fedha hii inafanya jambo ambalo nyingine haziwezi. Mwaka 1955 TANU ilichangisha wananchi ili Mwalimu aende New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliposimama pale kuidai Tanganyika, nauli yake ilikuwa imetoka mifukoni mwa watu aliowasemea. Kwetu, ufadhili mmoja ulipokwisha na kompyuta zenye nembo zikarudishwa, chumba kilibaki wazi, kwa sababu pango halikuwa kwenye bajeti ya mfadhili. Watu waliendelea kuja Jumamosi kupanda miche.

Sheria inasemaje, na ipi ni ya haki

Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2018 zinaitaka NGO inayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuitangaza ruzuku hiyo ndani ya siku 14 na kupeleka mkataba wake Hazina na kwa Msajili wa NGO. Ni kazi, lakini naiona inatulinda kuliko inavyotuumiza. Kenya mwaka 2013 ilijaribu kuweka ukomo wa asilimia 15 ya fedha za nje, bunge likakataa. Sheria yake ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka huo ilianza kutumika Mei 2024 bila ukomo huo. Urusi mwaka 2012 ilichagua kuwabandika watu jina la "wakala wa kigeni", na Georgia mwaka 2024 ikapitisha sheria inayozitaka asasi zinazopata zaidi ya asilimia 20 ya fedha zao kutoka nje zijiandikishe, katikati ya maandamano makubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 na ya Australia ya 2018 zinauliza jambo jingine: unafanya kazi hii kwa niaba ya mtu wa nje? Swali hilo ndilo la haki zaidi, maana asilimia haionyeshi nani anaamua. Mkiitwa kutoa maoni kwenye kamati ya bunge, lisemeeni hilo.

Basi nani achague nini

Kama kazi yenu ni vitu, yaani maji, miche, madawati, chukueni ya ubalozi na mweke kibao. Kama ni mafunzo na utafiti, nendeni kwa wakfu unaochapisha taarifa ya mwaka, na muandike andiko lenu kabla ya kusoma mada yao ya mwaka, yasipokutana, acheni. Kama ni utazamaji wa uchaguzi au kutetea ardhi dhidi ya mwekezaji, msikubali chanzo kimoja cha nje kizidi theluthi ya bajeti, na chanzo hicho kisitoke nchi ya mwekezaji. Ziara za urafiki ni za mwanachama wa kawaida kabla ya kiongozi. Pango, simu na ada ya Msajili zitoke kwenye michango, hata kama chumba kitakuwa kidogo.

Sisi tumeyaweka haya kwenye kanuni za asasi, na kila mkutano mkuu naanza kwa kusoma: nani katoa, kiasi gani, kwa kazi ipi. Mwaka huu nilipomaliza, mzee mmoja nahodha aliomba karatasi ya mahudhurio aitazame. Akauliza safu ya namba ya simu ni ya kazi gani. Sikuwa na jibu. Tumeifuta.